Posa Yangu na Tumbaku Isiyoungua

Ijumaa, baada ya magharibi. Michenzani.

Mvua imekatika tangu adhuhuri, madirisha ya ghorofa zote yako wazi, na kila nyumba inapika kitu. Mimi sijala. Tumbo limejaa furaha mpaka hakuna pa kuweka wali. Nimekaa kitandani na simu mkononi, na sentensi ya kwanza nimeshaifuta mara kadhaa, kwa sababu kila nikianza najikuta naandika kwa herufi kubwa, kama mtu anayepiga kelele dirishani.

Basi nijitulize.

Leo nimefungua mdomo mahali ambapo mtoto wa kike hutarajiwa anyamaze.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Salma, nauza dawa katika duka moja pale Darajani, na naishi na baba yangu na dada yake, Bi Zuhura. Huyo Bi Zuhura ni shangazi yangu na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Na kuna kijana anaitwa Makame, mtu wa Makunduchi, anafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Kiwengwa. Alikuja dukani kununua dawa ya kikohozi ya mama yake. Kesho yake akaja kununua nyingine. Siku ya tatu nikamwambia, kaka, ama mama amepona au mnaikoga hiyo dawa. Alicheka mpaka wateja wakageuka, na mimi nikakosea kurudisha chenji.

Watu wake walipoleta posa, baba hakuuliza mshahara wala nyumba. Aliuliza jambo moja tu: kijana anavuta?

Nyumbani kwetu swali hilo lina mwenyewe. Baba alikuwa na mdogo wake, ami yangu Saidi, aliyevuta sigara tangu ujana wake. Mwisho wa maisha yake Ami Saidi alikuwa hawezi kulala ila amekaa, na baba ndiye aliyekuwa akimpepea kwa upepeo wa ukindu, kana kwamba ule upepo ungekubali kuingia kifuani. Nilikuwa mdogo lakini naikumbuka sauti ya ule ukindu. Hata leo umeme ukikatika baba hagusi upepeo, anakaa na jasho lake.

Kwa hiyo tuliuliza, kama wanavyouliza watu wote wanaoletewa posa. Majirani zake wakasema havuti. Wenzake wa kazini wakasema alivuta zamani, ameacha. Mwenyewe akasema sivuti. Baba akaridhika, akasema atatoa jibu Ijumaa ya leo, na mimi nikaanza kutembea kwa mapozi pale dukani kama nimeshavaa kanga ya harusi.

Halafu ikaja Jumapili.

Jumapili Shangazi alikwenda Makunduchi kuwaona wakwe na kuitazama nyumba. Shangazi anaunga udi na kuwauzia maharusi, na hakuna safari anayokwenda bila vipande vya udi kwenye mkoba wake. Baada ya kula akataka kufukiza nguo. Mama yake Makame, kwa ukarimu wake, akamwambia asihangaike na makaa, mwanawe ana kichetezo kidogo cha umeme, kipo kwenye rafu kinachajiwa. Shangazi anacho chake cha umeme, alicholetewa kutoka Maskati, na anakionea fahari kuliko meno yake. Akakichukua hicho kidogo, akakigeuza, akaona kitundu juu na kitufe ubavuni. Akachonga kipande chembamba cha udi, akakitumbukiza ndani, akabonyeza. Kitaa kikawaka. Wale wanawake wawili wakainama pamoja, kila mmoja na ncha ya mtandio wake, wakingoja harufu nzuri.

Kilichotoka hakikuwa harufu ya harusi.

Makame alikuwa ametoka kununua soda za mgeni. Aliporudi alimkuta mama yake anapiga chafya na shangazi yangu amekishika kile kifaa mbali na uso wake, kama mtu aliyeokota panya. Na hapo, lazima nimpe haki yake, hakuzungusha maneno. Akasema hicho si chetezo. Ni mashine ya kupashia tumbaku, aliuziwa na mgeni wa hotelini aliyekuwa anaondoka, na vijiti vyake vya tumbaku huletwa na wageni wengine wa hoteli. Tumbaku inapata moto tu, haiungui, haina majivu, na ndiyo iliyomsaidia kuacha sigara. Alipoulizwa kama anavuta akasema hapana kwa sababu aliamini ni hapana.

Shangazi alitusimulia yote hayo jioni ile, hajavua hata buibui. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamtazama baba, kicheko kikaniishia mdomoni.

“Mwambieni asisubiri Ijumaa,” akasema. “Jibu n'shalipata.”

Shangazi akamwambia watu wazima hawavunji ahadi ya siku. Baba akasema sawa, Ijumaa ni Ijumaa, lakini jibu ni hapana.

Nakiri kwamba Jumatatu niligombana na Makame kwenye simu na nilikuwa mkali kupita kiasi. Alirudia neno moja, haiungui, haiungui, mpaka nikatamani kuitupa simu kwenye ndoo ya nguo. Nilipokata nililia. Halafu nikakasirika kwa sababu nililia. Halafu nikaanza kusoma.

Nimesoma wiki hii kuliko nilivyosomea mtihani wowote. Kumbe dunia nzima inagombana kama nyumbani kwetu. Kuna wanaosema kwa mtu aliyekwisha kuwa mvutaji, kupasha ni afadhali kuliko kuunguza. Kuna wanaosema hiyo afadhali imetangazwa zaidi na wanaouza. Nilikuwa nawasoma wote kwa moyo wa mpenzi, yaani yule aliyeniunga mkono nilimwona msomi, na aliyenipinga nilimwona hana kazi ya kufanya.

Jumanne nikamvizia daktari mmoja anayepita dukani kwetu kila akitoka kazini. Nilimuuliza kwa kuzunguka, nikasema kuna mteja anataka kujua. Akanitazama machoni, naona alimjua huyo mteja. Alinieleza taratibu. Kweli, tumbaku isipoungua, baadhi ya sumu hupungua. Lakini kupungua si kwisha. Uraibu uko pale pale, kwa sababu ile nikotini inayomshika mtu haijaondoka. Na vitu hivi ni vipya, hakuna aliyevitumia umri mzima tukamwona mwisho wake. Akasema angependa mtu aache vyote viwili, na akitaka kuacha asaidiwe, asiachwe peke yake na hamu yake.

Nilitaka aniambie ni salama. Nilitaka sana.

Nilirudi nyumbani nikiwa na nusu ya jibu, na nusu ya jibu inachosha kuliko kutojua. Kwa sababu ilinibidi nijiulize swali ambalo sikulitaka: nikiondoa hasira za baba, mimi mwenyewe nataka nini? Jibu lilikuwa hapo hapo. Namtaka Makame. Na sitaki kushika upepeo.

Jumatano Shangazi akaamua kuimaliza kesi kwa njia yake. Akamkalisha baba ukumbini, kulia kwake akaweka chetezo cha udongo chenye makaa, kushoto akaweka kile cha Maskati. Udi mmoja, kipande kwa kipande. Akasema sasa kaka utaona kwa macho yako, hiki kinaunguza, hiki kinapasha, si sawa. Na kweli havikuwa sawa. Cha makaa kilitoa moshi mpaka picha za ukutani zikapotea. Cha umeme kilitoa ukungu mwepesi tu, harufu safi. Shangazi akakunja mikono, anangoja kushinda.

Baba akakohoa. Akanusa nguo yake bega la kulia, akanusa bega la kushoto.

“Zuhura, fungua dirisha,” akasema. “Vyote viwili vimeniingia.”

Shangazi akafungua dirisha, na mimi nikakimbilia jikoni kwa sababu sikujua nicheke au nilie. Nilipokuwa naosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi, ndipo wazo likaja. Sijui lilitoka wapi. Nilisimama na sahani mkononi, maji yanamwagika, moyo unapiga kama nimepanda ngazi zote za blok letu kwa kukimbia.

Jana nilikaa na wazo langu siku nzima na sikumwambia mtu. Hata Makame. Niliwauzia watu dawa za minyoo huku natabasamu, naona walinishangaa.

Na leo wakaja.

Walikuja baada ya alasiri. Mzee Kombo, ami yake Makame, mtu mnene mwenye kofia iliyopigwa pasi vizuri, na mwenzake mmoja mkimya. Kwa desturi mwenyewe bwana harusi hapandi. Mimi na Shangazi tulikuwa nyuma ya pazia la ukumbi, nimebana karibu kiasi cha kuhesabu nyuzi, nachungulia pembeni. Shikamoo na marahaba zikapita, kahawa ikapita, habari za mvua zikapita. Baba akajikohoza. Namjua baba, ule ulikuwa mkohozo wa hapana.

Nikamfinya Shangazi mkono. Naona nilimfinya kwa nguvu maana aliruka.

“Kaka!” akaita. “Na binti hajaulizwa.”

Ni haki, hakuna wa kuikataa: binti huulizwa kama ameridhia, na huulizwa mahari anayotaka. Ila kwa kawaida hunyamaza, na kunyamaza kwake huchukuliwa kuwa ndiyo. Baba akasema, kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu tu, “Haya, muulize.”

Shangazi akanigeukia. Hakujua nitakalosema, masikini, alidhani nitalia tu.

“Nimeridhia,” nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga. “Na mahari yangu nataka ile mashine yake ya tumbaku. Pamoja na chaja yake na vijiti vyote alivyonavyo.”

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini.

“Umesema nini, we Salma?” baba akauliza.

Nikarudia. Nikaongeza kwamba mahari ni mali ya mke, mume hana ruhusa kuigusa ila kwa idhini yake, kila mtu aliyeko pale anajua hivyo. Ikishakuwa yangu, Makame hataigusa. Na idhini sitoi.

Mzee Kombo alianza kucheka kwa chini, kicheko kikapanda, kikapanda, mpaka kofia iliyopigwa pasi ikaanguka. Yule mkimya naye akacheka. Baba hakucheka. Akauliza sheikh atalitajaje jambo kama hilo msikitini, mbele ya watu. Shangazi, ambaye alikuwa ameshapata pumzi, akajibu kupitia pazia kama wakili: “Kifaa cha umeme kimoja. Kina uchafu gani? Hivyo vijiti visitajwe, vije na kifaa, tuvitie pipani sisi wenyewe.”

“Atanunua kingine,” baba akasema.

Hili nilikuwa nimelifikiria jana dukani. “Anaweza, baba,” nikasema. “Simfungi kamba. Lakini atakuwa amenijibu.”

Baba akasema neno moja, na neno hilo ndilo lililonipa tumaini, kwa sababu mtu anayekataa hajadiliani bei.

“Taslimu,” akasema. “Si ya ahadi. Aitoe kwanza.”

Mzee Kombo akafuta macho kwa leso. Akasema basi hakuna haja ya kungoja, kijana yuko chini kwenye gari, ameomba ruhusa kazini, ameshindwa kukaa Kiwengwa.

Alikuwa chini! Muda wote ule nimebana kwenye pazia, na yeye alikuwa chini yangu kwenye gari.

Nilizisikia hatua zake ngazini kabla sijamwona. Akasimama mlangoni na shati la kazini, hakuvuka kizingiti. Mzee Kombo akamweleza, bila kupamba. Makame akasikiliza, mkono wake umo mfukoni, na nikajua umeshika nini. Nilitegemea atasema haiungui. Nilikuwa nimeshajiandaa kukasirika.

Akaitoa. Kitu chenyewe kidogo, cheupe, hakizidi kalamu nene. Sikuwahi kukiona. Wiki nzima nyumba yetu imetetemeka kwa ajili ya kitu kinachoingia kwenye ngumi.

“Nimekubali, mzee,” akamwambia baba. “Na vijiti vimo kwenye gari, n'tavileta. Lakini nataka nikwambie mbele ya ami yangu, isije ikawa nimekuficha tena. Naogopa. Sigara niliiacha kwa kushika hii. Hii nikiiacha, sina cha kushika.”

Hakuna aliyecheka. Hata mimi nyuma ya pazia furaha ilisimama kwanza, kwa sababu nilikuwa nimepanga kila neno langu na sikuwa nimepanga hilo. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu kitu, nikasahau kuuliza mkono wake utabaki vipi. Lakini wakati huo huo, Mungu anisamehe, nilimpenda kuliko siku zote.

Baba akainuka, akaenda mlangoni, akakipokea. Akakigeuza. Kisha akakipeleka puani, taratibu. Nilidhani ataangalia kama udi wa Shangazi bado umo. Alikaa nacho pale, na mabega yake yakashuka.

“Mfuko wa shati la Saidi ulinuka hivi,” akasema. “Kabla hajaiwasha sigara.”

Katika maisha yangu baba hajapata kulitaja jina hilo mbele ya wageni. Shangazi akanishika mkono, na safari hii yeye ndiye aliyefinya.

“Saidi naye alikuwa anaogopa,” baba akaendelea, anamtazama Makame. “Hakuniambia. Na miye sikumuuliza, nilikuwa namgombeza tu. Kila nikimwona namgombeza.” Akakitia kile kifaa kwenye mfuko wa kanzu yake. “Ukishikwa na hamu, njoo hapa. Usimwogope mtu. Njoo ukae na mimi mpaka ipite.”

Kisha akasogea, mlango ukabaki wazi.

“Ingia ndani, mwanangu.”

Nimeyaandika maneno hayo na bado siamini nimeyasikia. Makame akavua viatu, akaingia. Shangazi akapiga kigelegele ambacho naapa kimesikika mpaka Forodhani, na jirani wa chini akajibu bila hata kujua kuna nini. Mimi nikakaa sakafuni palepale nyuma ya pazia na kulia na kucheka kwa pamoja, na kanga yangu ikafanya kazi ya leso.

Sasa wameondoka. Vijiti vimetiwa pipani, Shangazi alihakikisha kwa kuvimwagia maji. Mahari yangu nimekabidhiwa, iko kwenye droo pamoja na hereni za mama. Makame ameshatuma ujumbe mara mbili. Wa kwanza, kwamba amefika Kiwengwa salama. Wa pili, kwamba mikono haijui pa kukaa, na kwamba kila mgeni wa hotelini leo anamuudhi. Nimemwambia anipigie akimaliza zamu, aniudhi mimi badala ya wageni.

Sijui kama ataweza. Najiuliza hata sasa, katikati ya furaha hii yote: na akija siku moja akaniambia ameshindwa, nitakuwa mimi wa kugombeza, au nitakuwa mimi wa kuuliza? Nataka niwe wa kuuliza. Jumatatu nitamvizia tena yule daktari, na safari hii sitasema kuna mteja. Nitasema ni mchumba wangu, anaacha, tunamsaidiaje.

Ukumbini baba ameketi peke yake. Umeme ulikatika kidogo kabla sijaanza kuandika, na kabla haujarudi nilimsikia akimwambia Shangazi habari za Saidi, jinsi alivyokuwa akiogelea, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya. Shangazi alikuwa anacheka.

Kesho ni Jumamosi, na mimi ni mchumba wa mtu.